Wimbo wa Viboko Kumi na Viwili

Sajini alikuwa akifumba macho mtu akipigwa. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokumbuka juu yake, na ni cha ajabu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiamuru mtu huyo apigwe. Alisimama kando ya jukwaa, mikono nyuma kama yuko gwaride, kichwa amekiinamisha upande wa sikio la kulia, maana la kushoto liliharibiwa na bomu huko Burma. Kiboko kikianguka vizuri, uso wake haukubadilika hata kidogo. Kikianguka vibaya, alikunja pua kama mtu aliyenusa maziwa yaliyochacha.

Alikuwa na jina, na nalijua, lakini sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwalo. Katika keya, jeshi la Mwingereza, walimweka kwenye kikundi cha kuwaimbia askari, na aliporudi Nakuru hakurudi na kitu kingine isipokuwa cheo, koti moja la jeshi, na wazo kwamba watu weusi wanaweza kukaa kwenye viti wakatazama hadithi yao ikiimbwa mwanzo hadi mwisho. Si ngoma, alikuwa akisema, na si kwaya ya kanisa. Mchezo wa nyimbo. Uanze vijijini kwenye mashamba, urekebishwe, usuguliwe, halafu uende Nairobi kwenye jumba kubwa lenye pazia.

Mimi niliacha shule darasa la nne nikaanza kutembea. Nilikuwa nimevuna ngano, nimepakia magogo Molo, nimekata manyoya ya kondoo Naivasha, na nilikuja Nakuru kutafuta kazi ya reli. Jumapili moja mchana nikasikia watu wakiimba ndani ya ghala la kukaushia pareto. Mimi nikisikia kitu lazima nikione. Huo ni ugonjwa wangu tangu utotoni. Ndani kulikuwa na watu kama ishirini, nusu wakiimba na nusu wakipiga chafya kwa vumbi la maua. Sajini aliniangalia mabega, kisha miguu yangu iliyopasuka, akasema, "Wewe Kiguu na Njia. Unaweza kuwa nyapara."

Hivyo ndivyo nilivyoupata mchezo, au ulivyonipata.

Uliitwa Ng'ombe Mwenye Kengele. Hadithi yake ilikuwa fupi. Daudi, mkamaji kwenye shamba la mzungu, anapoteza ng'ombe. Nyapara anaamriwa ampige viboko kumi na viwili. Mwisho kengele inasikika, na ng'ombe anaonekana ndani ya ngano ya bwana mwenyewe, amenenepa, hana habari. Katikati kulikuwa na vichekesho, na mke wa Daudi aliyewatukana wote kwa wimbo mmoja mrefu. Mke huyo aliigizwa na Nyambura, mwuza mboga wa sokoni, ambaye hata nje ya jukwaa hakuwa na haja ya kufundishwa kutukana. Daudi alikuwa Wekesa. Wekesa alifanya kazi ya kupaka mafuta mabehewa, na sauti yake ilikuwa inakufanya usimame ulipokuwa ukienda. Alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tunalala chumba kimoja na kula sufuria moja. Alitaka Nairobi kuliko sisi wote. Alisema huko kuna watu wanaoweka sauti kwenye sahani ya santuri, na sauti ikishawekwa, mtu hafi tena.

Sasa, wimbo ambao Sajini aliuthamini kuliko yote ulikuwa ule wa kupigwa. Daudi amefungwa kwenye mlingoti, na kila ubeti anamwambia ng'ombe mahali alipomtafuta. Nimekutafuta mtoni. Kiboko. Nimekutafuta majanini. Kiboko. Hakukuwa na ngoma wala gitaa. Sajini aliyaondoa yote. Alisema ngoma ya wimbo huu ni mgongo.

Mwanzoni Wekesa alivaa ngozi ya mbuzi chini ya shati. Tulijaribu njia nyingi, maana Sajini hakuwa mjinga na hakutaka mtu aumie bure. Tulipiga gunia la pumba nyuma ya pazia. Tulipiga godoro. Tulipiga tandiko kuukuu la farasi. Alinifundisha mkono kwenye lile gunia mwezi mzima: bega lilegee, kifundo cha mkono kichelewe, ncha ifike ya mwisho. Nilijua kupiga kuliko nilivyojua kusoma. Lakini kila mara alisikiliza, akakunja pua, akatikisa kichwa.

Alikuwa na desturi yake wakati wa kuonyesha. Hakutazama jukwaa. Aliketi pembeni akiwaelekea watazamaji, na daftari gotini, akitazama miguu yao. "Uso una adabu," aliniambia. "Mguu hauna." Wimbo ambao miguu ilitulia vibaya, yaani ikalala, aliukata siku hiyohiyo. Tulianza na nyimbo kumi na moja tukafika saba. Mmoja wa aliokata ulikuwa wa mama anayengoja mwana kutoka vitani. Aliutunga mwenyewe, na kila tulipouimba machozi yalimtoka waziwazi mbele yetu bila haya. Huko Njoro watu walianza kukuna vifundo vya miguu. Akaupiga mstari daftarini. Nyambura akamwuliza kama hana huruma hata kwa mama yake. Akajibu kwamba anayo, ndiyo maana hataki wamsikilize huku wakijikuna.

Njoro pia ndiko kulikosababisha ngozi ya mbuzi ivuliwe. Tulikuwa tumefika kwenye wimbo wa viboko, mimi napiga kwa nguvu zangu zote, Wekesa analia vizuri kabisa, na mzee mmoja wa mbele, mkamaji mwenye vidole vilivyopinda, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Huyo anapiga godoro." Wakacheka wote. Wakacheka hadi mwisho wa mchezo. Hata ng'ombe alipopatikana walikuwa bado wanafuta macho.

Kwenye lori, tukirudi, Sajini alifungua daftari tulipoanza kuuona mlima Menengai. Kisha akasema hawa watu wanaijua sauti hiyo kuliko kengele ya kanisa, na huwezi kumdanganya mtu kwa sauti aliyoisikia kwenye nyama yake. "Ngozi itoke."

Nyambura akamwambia, "Sajini, wewe unakula watu."

"Simlazimishi mtu. Wekesa, unasemaje?"

Nilimtazama Wekesa nikitumaini atakataa, maana mkono ulikuwa wangu. Yeye alikuwa akitazama barabara. Akauliza, "Tukifanya hivyo tutafika Nairobi?" Sajini akasema tusipofanya hatutafika. Wekesa akavua shati papo hapo kwenye lori, akainusa ile ngozi ya mbuzi, akaitupa nje. "Ilikuwa inanuka hata hivyo," akasema, na watu wakacheka, mimi pia.

Mtu ambaye hajampiga rafiki yake hawezi kujua jambo hili: pigo la kwanza ni gumu, la pili ni gumu zaidi, na kuanzia la tatu mkono unaanza kufanya kazi. Hilo ndilo lililonitisha. Jioni nilimkanda Wekesa kwa maji ya chumvi, na hatukuzungumza juu ya viboko, tulizungumza juu ya Nairobi.

Tukaenda Kariandusi, kwenye machimbo ya udongo mweupe. Wafanyakazi wa pale hutoka shimoni weupe kuanzia nywele hadi kucha, hata kope, na ule udongo ni mwepesi kama unga, unapeperuka ukiwakohoza. Mchana tulikula ugali pamoja nao. Mmoja, mwenye kovu la shoka kidevuni, alinigawia tumbaku yake na kunisimulia jinsi ya kukata udongo kwa sululu bila kuangukiwa. Nilimuuliza maswali mengi kama kawaida yangu. Saa tisa tukaanza mchezo mbele ya vibanda vyao.

Kwenye kiboko cha tano walinijia.

Hawakupiga kelele. Walisimama safu nzima, weupe, wakapanda jukwaa la mbao, na mbao zikavunjika. Nilipigwa kwa ngumi, kwa viatu, kwa mpini. Nilisikia jino likitoka kabla ya kuhisi maumivu. Mtu alinikanyaga mkono wa kushoto, mfupa ukalia kama kijiti. Kati ya miguu niliuona uso wa yule wa tumbaku. Alikuwa analia na kunipiga mateke ya mbavu, na machozi yalichora mistari myeusi kwenye ule weupe. Wekesa, aliyefungwa mlingotini, alikuwa akipiga kelele kwamba ni mchezo, ni mchezo.

Sajini alikuwa amesimama pembeni. Amefumba macho. Alisikiliza. Nyambura ndiye aliyewaingilia kwa sufuria ya ugali iliyokuwa bado ya moto.

Yule mtu wa tumbaku alikuja kuniona kesho yake kwenye zahanati, akaketi kitandani kwangu. Nikamwambia alijua kuwa mimi si nyapara. Akasema, "Tulijua ni mchezo, ndugu. Ndiyo sababu tulipiga. Yule wetu wa kweli hatuwezi kumgusa." Akaniachia tumbaku yote.

Sajini naye alikuja, na daftari. Hakuniuliza habari ya mkono. Alisema, "Walipanda ubeti wa tano. Ni mapema mno. Kuna kitu kinakosekana."

Nilimwambia kinachokosekana ni meno yangu mawili. Alifikiri jambo hilo kwa makini, kama ni shauri la muziki, kisha akasema hapana. Wanamchukia nyapara upesi kwa sababu nyapara hana wimbo. Akaanza kuandika pale pale, ameegemeza daftari kwenye plasta ya mkono wangu. Ubeti wangu ulitoka siku ile na haukubadilika tena:

*Mkono huu si wangu, nimeuazima kwa Bwana;*
*leo nikimrudishia, kesho utanipiga mimi.*

Nilimchukia, na ubeti ule nikauimba, kwa sababu ulikuwa kweli. Tulipouonyesha Elmenteita, mkono ukiwa umeshaungika, hakuna aliyecheka na hakuna aliyesimama. Viboko vyote kumi na viwili vilianguka watu wakiwa wametulia. Miguu ilikuwa imejikunja chini ya mabenchi, vidole vimeng'ata udongo. Sajini alifunga daftari. Lori zima lilirudi likiimba. Mchezo ulikuwa umeiva.

Lakini mgongo wa Wekesa ulikuwa umeoza.

Ilibaki onyesho moja, Nakuru, mbele ya Bwana Welfare, mzungu wa ofisi ya ustawi wa Waafrika, ambaye neno lake ndilo lingetupeleka Nairobi. Alikuwa amesikia habari za Kariandusi. Jumamosi alikuja ghalani, akatutazama tukifanya mazoezi ya vichekesho, akacheka sana kwa ng'ombe. Kisha akasema, "Hii muziki mzuri sana, Sajini. Lakini hii piga-piga, hapana. Kama iko mchezo tu, sawa. Kama iko kweli, hapana Nairobi."

Sajini akakaza mwili, akapiga saluti. "Ndiyo, Bwana."

Akatuambia ngozi ya mbuzi itarudi. Tulishangilia kama watu waliosamehewa kifungo. Wekesa alikuwa na homa, hawezi hata kuvaa shati, hivyo Sajini akasema nafasi ya Daudi ataichukua yeye mwenyewe. Tukifika Nairobi, Wekesa atakuwa amepona. Wekesa alinishika mkono kitandani akasema, "Usiiharibu. Mgongo wangu umeshafika Nairobi. Nimebaki mimi."

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Wazungu kumi hivi kwenye viti vya mbele, wake zao wamevaa glovu nyeupe. Nyuma yao maaskari, makarani. Na nyuma kabisa, wamesimama, watu wa reli na wa mashambani. Mchezo ulikwenda vizuri kuliko siku zote. Kisha Sajini akaenda mlingotini, akavua shati, na hakukuwa na ngozi.

Hakukuwa na ngozi ya mbuzi, nataka kusema. Yake ilikuwapo, na sisi tuliokuwa naye mwaka wa pili sasa tuliiona kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeliwa yote, makovu ya zamani sana, moja juu ya jingine, kama shamba lililolimwa mara mbili kwa kupishana. Nilijua pale kwa nini hakuweza kudanganywa na gunia la pumba. Sikujua kama ni jeshi au ni shamba. Hata leo sijui.

Nilipomfunga mikono akaninong'oneza, "Wa mbele hawaijui sauti hii. Watadhani ni ufundi. Wa nyuma wanaijua. Piga kweli. Kumi na viwili, usimame."

Na alikuwa sahihi. Nilipiga, akaimba kwa tabasamu, sauti yake ya kizee yenye mikwaruzo, na Bwana Welfare alianza kupiga makofi kufuata mpigo. Wale wa nyuma hawakupumua. Mtoni, majanini, kwenye kisima, kwa jirani. Nilihesabu kumi. Nilihesabu kumi na moja. Kumi na viwili. Nairobi ilikuwa pale, mkononi.

Sikusimama.

Watu wameniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza zaidi yao. Nilifikiria meno yangu, ndiyo. Nilimfikiria Wekesa amelala kifudifudi. Nilimfikiria huyu mtu akisikiliza, amefumba macho, mfupa wangu ukivunjika. Lakini si kweli kwamba nilifikiri. Mkono ulikuwa umeshaanza kufanya kazi. Nikapiga cha kumi na tatu, na Sajini, ambaye beti zilikuwa zimemwishia, akaimba, "Nimekutafuta Burma." Nikapiga. "Nimekutafuta Nairobi." Nikapiga. Alitunga kila ubeti hapohapo, ili waliokaa mbele wadhani bado ni mchezo, ili auokoe. Tabasamu lilikuwa bado liko. Damu ilianza kuruka. Cha mwisho ninachokumbuka alisema, "Nimekutafuta mgongoni mwangu," na mama mmoja wa kizungu akainua glovu yake, akaitazama, akapiga yowe.

Bwana Welfare hakutukana. Alisimama, akamsaidia mke wa mwenzake kutoka, na mlangoni akageuka akasema neno moja, "Hapana." Basi. Majuma machache baadaye ikatangazwa Hali ya Hatari, na watu ishirini kukutana ghalani kuimba likawa kosa la jela. Wekesa alipona mwili. Alirudi kwenye mabehewa yake, na mimi sikuweza kulala tena chumba kile. Niliondoka Nakuru bila kumuaga yeye wala Sajini. Nyambura aliniona kituoni, akatema mate chini, kisha akanipa muhogo wa kuchemsha wa njiani.

Nilitembea miaka. Ukiwa na miguu yangu, Hali ya Hatari ni vitambulisho na maswali na vibao vya mashavu, nilivipata vyote. Miaka ya hamsini ilipokuwa inakwisha nikarudi, nikitafuta kazi ya kukamua upande wa Kiamunyi. Kwenye shamba moja la ng'ombe wa maziwa wakaniambia nikamwone nyapara.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, amevaa lile koti la jeshi, kiboko kimening'inia kiunoni.

Hatukusalimiana hata. Kutoka verandani mzungu wa shamba alikuwa akimpigia kelele kwamba ng'ombe wameingia kwenye ngano tena, na huyo mchungaji apewe viboko kumi na viwili sasa hivi, na yeye bwana avisikie kutoka pale verandani. Mchungaji, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amesimama kando amefumbata kofia. Sajini akamshika kola akamsukuma ndani ya stoo. Akanitazama. "Ingia, Kiguu. Funga mlango."

Ndani, katikati ya madebe ya maziwa, kulikuwa na gunia limesimamishwa kwenye mlingoti, na juu yake limefungwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ikitiririka maji. Yule mchungaji akaenda akaketi juu ya debe lililopinduliwa, akajifuta pua, kama mtu anayengoja zamu yake ya kinyozi.

"Ilowekwe siku mbili kwenye maji ya chumvi," Sajini akasema, akiipapasa. "Na ndani ni ngano. Sisi tulikuwa tunatia pumba. Pumba inameza. Ngano inajibu. Nimeitafuta sauti hii miaka mitano." Kisha akaniuliza, "Nairobi ulifika?"

"Nililiona lile jumba. Kwa nje."

"Lina mwangwi?"

"Sikuingia."

Akatikisa kichwa polepole. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilichoweza kusema ni kwamba siku ile nilipiga kumi na tisa.

"Kumi na nane," akasema. "Kimoja kilipiga mlingoti."

Akafungua kiboko kiunoni, na badala ya kuinua mkono akanikabidhi mpini. Vidole vyake, nikaona sasa, vilikuwa vimevimba kwenye viungo, havikunjiki vizuri. Yule mchungaji akanitazama usoni, akamtazama Sajini, akajisogeza kidogo kwenye debe. Nje mzungu alikuwa akingoja.

"Bega lilegee," Sajini akasema. Akainamisha kichwa upande wa sikio zima, akafumba macho.

Nikapiga. Ile ngozi ililia hasa. Mchungaji akalia kwa uchungu, kilio kilichofundishwa vizuri, akamtaja mama yake. Nikapiga tena. Kuanzia cha tatu mkono ukaanza kufanya kazi, nikauhisi ukiondoka kwangu kama zamani, na nikaanza kuhesabu kwa sauti, nikiung'ang'ania kwa kila tarakimu. Jasho liliniingia machoni. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na viwili.

Nikasimama.

Stoo ilikuwa kimya, maji tu yakidondoka kutoka kwenye ngozi. Sajini hakufumbua macho mara moja. Alingoja, kama anasikiliza ikiwa kuna kingine kinakuja, na kilipokosa kuja akasema, "Hapo."